Uliza Mchora Ramani: Bahari ya Buluu Isiyo na Maji

Barua za mwezi huu karibu zote ni za ramani za simu. Nimezijibu kama nilivyoziokota kwenye kapu. Ya kwanza imenila nafasi kubwa kwa sababu imenigusa donda.

SWALI: Assalamu alaykum, Ami. Mimi ni kijana wa Langoni, nimesomea kompyuta Mombasa. Nimetengeneza ramani ya boti za abiria wa visiwani: Amu (yaani Lamu), Mokowe, Mtangawanda, Siyu, Faza, Kizingitini hadi Kiwayu. Nimetumia Leaflet, programu ya kuweka ramani mtandaoni, na data za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Ina tabaka kumi na moja: gati, mafuta, misikiti, shule, mikoko, hata minara ya simu. Niliwapa manahodha watano waitazame. Kila mmoja aliishika dakika moja, akasema "nzuri, mashallah", akanirudishia simu. Hakuna aliyeniomba nimtumie. Kosa ni langu au lao? – Kijana wa Langoni

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Kosa ni lako. Usihuzunike, mimi nilianza vibaya zaidi, na nitakuhadithia.

Ramani yako nimeifungulia Mkunguni, mbele ya ngome, saa saba mchana, kwa simu yangu hii yenye ufa kwenye kioo. Nilifanya kusudi. Ramani ya boti itatazamwa juani, na mtu mwenye vidole vya maji ya chumvi. Wewe uliichora chini ya feni. Ile rangi yako ya kijivu juu ya kijivu hafifu, kule ndani ilikuwa maridadi. Hapa nje nilijiona uso wangu tu.

Kilichonitokea kwanza ni Kenya nzima, na kule pembeni kulia kifungu cha pini zimepandana kama kuku kwenye tenga. Nikavuta, nikavuta tena, na simu ikawa bado inaleta vigae vya Turkana kwa bando langu. Kama hujui, ramani hizi huja kwa vipande vya mraba vya pikseli 256 kwa 256, na kila kipande ni pesa ya mwenye simu.

Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Ben Shneiderman, aliandika kanuni ambayo mpaka leo sijaona ya kuipiku: kwanza picha nzima, kisha kuvuta karibu na kuchuja, kisha maelezo pale mtu anapoyataka. Wewe umemmwagia mtu yote matatu kwa pamoja. Na "picha nzima" ya nahodha wa Amu si Kenya. Piga hesabu: kwenye kiwango cha 10 cha kuvuta karibu, hapa kwetu karibu na ikweta, pikseli moja ni kama mita 150. Simu ya kawaida yenye upana wa pikseli 360 itabeba kilomita 55 hivi. Hiyo ni Kipungani mpaka Kiwayu, kwa kubanana kidogo. Anzia hapo. Fungua na tabaka mbili tu, gati na njia za boti. Tisa zilizobaki ziweke nyuma ya kitufe kimoja. (Ile ya minara ya simu usiitupe. Siku nahodha anapotaka kupiga simu ya kuomba mafuta, atataka kujua mtandao unakatikia wapi. Ila aiombe mwenyewe.)

Hayo ni madogo. Kubwa ni maji.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kuchora ramani ya vituo vya afya vya kisiwa cha Pate. Nikachora mstari wa nukta kutoka Amu hadi Siyu, safi kabisa, juu ya bahari ya buluu. Siku ya kuonesha kazi, wakubwa waliamua tuifuate ramani yenyewe. Nahodha akatazama saa, akanitazama mimi, akanyamaza. Mwenyeji hasutwi mbele ya wageni wake. Tulipofika kwenye kijito cha Siyu, kati ya mikoko, maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Boti ikakaa kwenye tope kama bata anayeatamia. Tukavua viatu tukashuka, mimi mbele, ramani ya plastiki kwapani, tope hadi magotini. Nyuma yangu mmoja wa wale wakubwa akauliza: "Hapa kwenye ramani si bahari?" Ilikuwa bahari. Buluu ile ile ya kilindi nilikuwa nimeipaka mpaka mlangoni mwa Siyu.

Kwa hiyo swali la nahodha halianzi na "gati liko wapi". Gati alilijua kabla hujazaliwa. Atauliza: "Nikitoka saa hizi, nitafika na maji?" Ramani yako haina jibu la swali hilo, basi aliishika dakika moja akakurudishia. Hata dakika hiyo ni adabu.

Weka kitelezo cha wakati chini ya ramani, kirefu, cha kusukumwa kwa kidole gumba. Mtu akikisukuma, mafungu na vijito vibadilike rangi: buluu vikiwa na maji, rangi ya mchanga vikikauka. Jedwali za maji kujaa na kupwa huchapishwa, na hesabu zake si ngeni kwa kompyuta: kati ya maji makuu na maji makuu mengine ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji yanachelewa kwa dakika kama 50. Kina cha kila kijito jedwali halitakupa. Hicho kawaulize wale wale watano.

Halafu tazama maandishi utakayotia kwenye kitelezo. Kwenye ramani yako ya sasa umeandika tarehe kama benki na saa kama uwanja wa ndege. Nahodha ukimwambia 19:00 atakuelewa, lakini atageuza kichwani kwanza, na palipo na kugeuza hapakosi kukosea. Andika "saa 1 usiku". Na kando ya tarehe ya kizungu weka mwezi ngapi, yaani umri wa mwezi kwa siku. Mtu wa bahari akiulizwa habari za maji hatazami kalenda ya ukutani, huuliza "leo mwezi ngapi?", kwa sababu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu anajua bamvua imekaribia, maji yatajaa sana na kupwa sana, na mwezi ukifika nane au ishirini na mbili anajua ni maji mafu. Kalenda hiyo anayo kichwani. Iweke machoni pake. Tahadhari moja tu: hesabu yako ifuate mwezi wa angani. Wa kuandama, sisi tunaujua ugomvi wake kila Ramadhani, na bahari haingoji tupatane.

Vitufe. Kile cha kuongeza na cha kupunguza umevitoa, ukasema siku hizi watu huvuta kwa vidole viwili. Mkono mmoja wa nahodha uko kwenye usukani, mwanangu. Simu iko kwenye huo mwingine, na kidole kinachobaki ni gumba. Virudishe, viwe na upana wa milimita 9 angalau, tena chini kulia, kule juu gumba halifiki. Ukibonyeza gati, kidirisha kisifunike gati lenyewe. Kijitokeze chini ya kioo, mstari mmoja, na anayetaka zaidi akipandishe.

Mwisho kwa barua hii. Unasema uliwapa watano, na idadi si mbaya; Jakob Nielsen alikwishaandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Ila hukuwajaribu. Uliwaonesha. Mtu wa Amu ukimpa kazi ya mkono wako ukamuuliza "waionaje?", atakwambia nzuri, mashallah, hata kama ameishika juu chini. Mpe kazi: "Ami, kuna mgonjwa Kizingitini, kesho alasiri, nitafutie njia." Kisha funga mdomo. Usimwelekeze, usinyoshe kidole. Tazama gumba lake linakwenda wapi, na lini anainua macho kukutafuta. Kila anapokutafuta wewe, ramani imekosa hapo.

SWALI: Nina nyumba ya wageni Mkomani. Wageni wangu hufuata nukta ya buluu ya simu wakajikuta mbele ya mlango wa jirani, wengine huingia hadi daka, ukumbi wa mlangoni. Jirani sasa hanisalimii vizuri. Nimepewa ushauri nitengeneze ramani yangu mwenyewe niiweke kwenye ukurasa wangu. Itasaidia nini, na simu ni zile zile? – Bi Mwenye Nyumba

JIBU: Itasaidia, Bibi, ikiwa itasema kweli kuhusu ile nukta.

Simu ya kawaida, penye uwazi, GPS yake hukosea kwa mita tano hivi. Pwani, mbele ya bahari, mita tano si kitu. Lakini uchochoro wako una upana gani? Punda wawili wenye mizigo hawapishani. Kuta za mawe ya matumbawe zimepanda ghorofa mbili tatu kila upande, mbingu imebaki utepe, na mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta huu yakirukia ule kabla ya kufika simuni. Nukta inakaa uchochoro wa pili na kujifanya ina uhakika. Kwa hiyo mwambie anayekutengenezea aizungushie nukta duara hafifu linaloonesha kiasi cha shaka; simu yenyewe hukitoa kipimo hicho, ni wachoraji wanaokificha ili ramani ipendeze. Duara likiwa kubwa kuliko uchochoro, nukta ififie kabisa na pajitokeze maneno: "Tazama alama zilizo karibu nawe."

Na alama ndiyo dawa yenyewe. Huku hakuna mtu anayeelekeza kwa mita. Tunasema: kutoka gati ingia ndani mpaka Usita wa Mui, shika mkono wa kulia, pita msikiti, pita chini ya wikio, penye baraza iliyovunjika pembe panda juu. Ziweke hizo. Wikio ni alama bora kuliko zote, kwani mgeni hawezi kulikosa, ni chumba kinachopita juu ya kichwa chake; tena ndipo GPS inapokufa kabisa. Piga picha ya kila kona inayobabaisha, ukiwa umesimama mgeni atakaposimama, ukitazama atakakotazama, na asubuhi na mapema kabla watu hawajatoka, kwani picha za akina mama wa mtaa hazina ruhusa ya kwenda mtandaoni. Mwambie pia jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua: akipotea, ateremke. Mji huu umelala kwenye mteremko, na ukiufuata chini utatokea baharini.

Usishangae uchochoro ukichorwa mnene kuliko ulivyo. Kwenye kiwango cha 16 pikseli moja ni mita 2.4, kwa hiyo uchochoro wa mita moja na nusu ukichorwa kwa haki hautaonekana. Wachora ramani wote hudanganya upana wa njia. Ni uongo unaoruhusiwa.

Na nyumba ya jirani iondolewe pini, hata kama ni ya kusema "si hapa". Mgeni akiona pini huenda kwenye pini.

SWALI: Mimi ni mzee wa Matondoni. Mjukuu wangu ananionesha ramani, na kila nikiigusa inazunguka kama tiara. Na kwa nini juu iwe kaskazini siku zote? Nani aliamua? – Fundi wa Mashua

JIBU: Shikamoo, Fundi. Hakuna amri iliyoshuka. Al-Idrisi alipomchorea mfalme Roger wa Sicily ramani yake ya dunia, ikakamilika mwaka 1154, aliweka kusini juu, na Waarabu wenziwe wengi walifanya vivyo. Kaskazini juu ni mazoea yaliyoshinda baadaye.

Ila sisi wa huku yametufaa. Makka, kutoka Amu, iko karibu kaskazini kamili. Wazee wa bahari kaskazini waliiita kibla, na kusini suheli, kwa jina la nyota. Niliwahi kubadilisha mshale wa ramani moja, nikafuta herufi nikaandika "Kibla". Mzee aliyekuwa anaigeuzageuza simu kwa robo saa akaituliza mara moja, akajipanga kama anayetaka kusali, akaanza kunisahihishia majina ya vijito.

Kuzunguka ni kosa la mtengenezaji. Programu nyingine, kama MapLibre, huizungusha ramani kwa vidole viwili, nawe ulitaka kuikuza tu. Ingefaa izimwe mpaka mtu aiwashe. Mwambie mjukuu atafute alama ya dira pembeni; akiigusa ramani itarudi mahali pake.

SWALI: Nafundisha shule ya msingi Faza. Tuna tableti chache na intaneti ya kubahatisha. Nataka kutengeneza atlasi ndogo ya kidijitali ya Kenya na ya kisiwa chetu. Nilijaribu ukurasa wa wakazi kwa kila kaunti, ukatoka rangi moja nchi nzima. Nimekosea wapi? – Mwalimu

JIBU: Umegawa sawasawa, Mwalimu, na ndipo kosa lilipo. Tufanye hesabu pamoja, hata darasani inafaa. Kwa sensa ya 2019 Lamu ina watu 143,920, ambao ni 23 kwa kilomita ya mraba. Mombasa ni 5,495 kwa kilomita ya mraba, na Nairobi 6,247. Ukikata kutoka 0 hadi 6,300 kwa vipande vitano sawa, kila kimoja ni 1,260. Nairobi na Mombasa zinaingia cha tano. Cha pili, cha tatu na cha nne havina kaunti. Kaunti 45 zilizobaki, tangu Vihiga yenye 1,047 hadi Marsabit yenye 6, nasi wenye 23 tukiwemo, zimesongamana katika cha kwanza, rangi moja. Kompyuta haikukosea, ilifanya ulichoiambia. Panga kaunti zote 47 kwa mstari, kisha zikate mafungu matano yenye idadi iliyo karibu sawa ya kaunti. Watoto wataona nchi. Na tumia msongamano kama hivi, si jumla ya watu, la sivyo kaunti kubwa zenye mbuga tupu zitaonekana zimejaa.

Rangi ziwe moja inayokolea taratibu, kutoka hafifu hadi nzito. Usiweke nyekundu na kijani pamoja. Kuna wavulana wasiozitofautisha nao hawajijui. Cynthia Brewer, mchora ramani wa Marekani, ameweka vifungu vya rangi vilivyokwisha kupimwa, viko bure, vinaitwa ColorBrewer. Mimi huchukua humo nikaendelea na kazi nyingine.

Kinachotofautisha atlasi na rundo la ramani ni kwamba kurasa zake zinajuana. Mtoto akiwa ameivuta Lamu kwenye ukurasa wa mvua, akifungua wa wakazi aikute Lamu pale pale, ukubwa ule ule, ufunguo kona ile ile. Nimeona atlasi ghali inayomrudisha mtoto mwanzo kila akibadili ukurasa. Baada ya kurasa tatu huacha kulinganisha, anabonyeza tu ili aone rangi zikibadilika.

Kuhusu intaneti: weka kila kitu ndani ya tableti. Lakini usiwe mroho wa viwango, kwa sababu kila ukishuka kimoja vigae huongezeka mara nne. Eneo la kilomita 20 kwa 15, kwa kiwango cha 16, ni vigae 800 hivi. Kiwango cha 18 ni kama 13,000. Kisiwa kiishie 16, Kenya nzima iishie 9. Na usivipakue vigae kwa wingi kwenye seva za OpenStreetMap, hawaruhusu. Chukua data zenyewe, hizo ni halali, utengeneze vigae vyako.

SWALI: Ulituambia tuandike majina yetu kwenye ramani. Yepi? Faza au Rasini? Siyu au Siu? Shela au Shella? – Mbishi wa Barazani

JIBU: Kwenye uso wa ramani andika moja, kwenye kisanduku cha kutafuta pokea yote. OpenStreetMap ina nafasi ya jina kuu, ya jina jingine na ya jina la zamani, kwa hiyo Rasini haipotei: anayeiandika apelekwe Faza. Vivyo hivyo Kiwayu na Kiwaiyu, Tchundwa na Chundwa. Kompyuta isimwambie mtu "hakuna mahali hapo" naye amezaliwa hapo. Na ukiniuliza lipi liwe kuu, nenda gatini asubuhi, simama karibu na boti za abiria, usikilize makuli wanapiga kelele wakitaja nini.